Umeipokea kwa Nani? Isnadi za Uongo katika Riwaya ya Kigothiki

Mwishoni mwa mwaka 1764 kilitoka London kitabu kidogo, nakala 500 tu, kwa jina la The Castle of Otranto. Ukurasa wake wa kwanza ulidai kwamba kilitafsiriwa na bwana mmoja aitwaye William Marshal kutokana na Kitaliana cha Onuphrio Muralto, kasisi wa kanisa la Mtakatifu Nikolasi katika mji wa Otranto. Dibaji ikaongeza kwamba kitabu asilia kilionekana katika maktaba ya ukoo mkongwe wa Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza. Kwamba kilipigwa chapa Naples mwaka 1529, kwa herufi nzito za kizamani. Na kwamba mambo yanayosimuliwa ndani yake yumkini yalitokea zama za vita vya msalaba. Hayo yote hayakuwa na asili. Hakukuwa na Marshal wala Muralto, wala maktaba, wala chapa ya Naples. Mtunzi alikuwa Horace Walpole, mbunge na mtoto wa waziri mkuu wa zamani, ambaye alijijengea karibu na mto Thames nyumba ya mfano wa ngome ya kale, na baadhi ya mapambo ya dari zake yalikuwa ya karatasi iliyofinyangwa.

Kitabu kilipendwa. Mwaka uliofuata Walpole alitoa chapa ya pili, na humo akakiri, kwa maneno ya adabu, kuwa hadithi ni yake. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hadithi yenyewe. Jarida la Monthly Review, lililokuwa limekipokea kitabu kwa huruma lilipokidhania kuwa ni tafsiri ya maandishi ya kale, liligeuka na kukishutumu. Upuuzi uliosameheka kwa kasisi wa zama za giza haukusameheka kwa muungwana wa zama za elimu. Na hali maneno yalikuwa yale yale! Kofia ya chuma, kubwa kupita kiasi, ilikuwa ingali ikianguka uani na kumponda bwana harusi siku ya harusi yake. Kilichobadilika ni kimoja tu: hadithi imepokewa kwa nani.

Wapenzi wa Jorge Luis Borges watakumbuka kisa chake cha mwaka 1939 kuhusu Pierre Menard, mtu aliyejitwika kazi ya kuiandika upya Don Quijote, neno kwa neno, na mhakiki akaona kuwa maneno yale yale, yakitoka kwa mtu wa karne ya 20, ni kitabu kingine kabisa. Kisa hicho hutajwa mara kwa mara kuwa ni mojawapo ya milango ya fasihi ya usasabaadaye. Lakini Borges alibuni kwa kusudi jambo ambalo mhakiki wa London alilitenda kwa dhati ya moyo wake miaka 174 kabla.

Nimeanza mbali kwa sababu ya mjadala ulio wetu. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), na zaidi baada ya Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002), wahakiki wa Kiswahili wamezoea kutoa orodha. Hadithi ndani ya hadithi. Wasimulizi wanaopingana. Matini inayotafuna matini nyingine. Mwandishi anayechungulia katika dirisha la nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mpaka wa wahai na wafu uliofutwa. Orodha ikishatimia, mhakiki hupiga muhuri: usasabaadaye, kana kwamba mbinu hizo ziliteremshwa bandarini katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, zikiwa bado zimo ndani ya makasha yake. Sikatai kuwa riwaya hizo ni za zama zake. Ninachokikataa ni kuichukulia mbinu kuwa ni tarehe. Mwana Kupona, mwaka 1858, anauanza utenzi wake kwa kumwita bintiye alete wino na karatasi. Yaani utungo unaonyesha kuandikwa kwake mwenyewe. Washairi wetu wa kale waliingia ndani ya tungo zao wakati wa kutamatisha, wakataja jina, nasaba na mwaka. Kwa orodha ile, basi, Pate ilikuwa makao makuu ya usasabaadaye, na sisi hatukuwa na habari.

Swali lenye faida ni jingine: mbinu hiyo hapo ilipo inafanya kazi gani, na inamfanyia nani? Riwaya ya Kigothiki ya Waingereza ni pahala pazuri pa kuliuliza, kwa sababu ndani yake mbinu hizi hazikuwa mchezo. Zilizaliwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya kweli.

Lugha yetu ina bahati ya kuwa na neno moja, hadithi, kwa mambo mawili yaliyotengana kama mbingu na ardhi. Hadithi ya Mtume haisimami bila ya isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, na wanazuoni humchunguza kila mpokezi, alikuwa mkweli au la, kumbukumbu yake ilikuwa nzima au la, tena je, alipata kweli kukutana na huyo anayesema kapokea kwake. Hadithi ya bibi, kwa upande wa pili, haina isnadi wala haiihitaji. Akisema «Paukwa», nasi tukaitika «Pakawa», mkataba umekwisha kufungwa. Hakuna atakayemdai ushahidi wa zimwi. Riwaya ya Kigothiki ni kitu cha tatu. Ni ngano iliyokataa kusema Paukwa na badala yake ikavaa kilemba cha isnadi. Inatupa wapokezi mmoja baada ya mmoja, kwa majina na tarehe, halafu inatuachia sisi tugundue kwamba kila mpokezi ana ila yake.

Mfano ulio mzito kupita yote ni Frankenstein ya Mary Shelley, iliyotoka Januari 1818 bila ya jina la mtunzi. Walioiona filamu tu hawaijui. Riwaya ni barua za nahodha Robert Walton, aliyenasa katika barafu ya kaskazini, akimwandikia dada yake Margaret aliyeko Uingereza. Ndani ya barua hizo mna masimulizi ya Victor Frankenstein, mtaalamu anayekaribia kufa, aliyeokotwa juu ya barafu. Ndani ya masimulizi ya Victor mna maneno ya Kiumbe aliyemuunda. Na ndani ya maneno ya Kiumbe mna kisa cha familia ya De Lacey, maskini waliofukuzwa Ufaransa, ambao Kiumbe aliishi ubavuni mwa nyumba yao akijifunza lugha kwa kuwasikiliza kupitia ufa wa ukuta. Ganda ndani ya ganda, kama kitunguu. Mhakiki mwenye haraka ataandika pembeni «fremu nyingi, usasabaadaye» na kugeuza ukurasa.

Asigeuze bado. Karibu na mwisho Walton anatueleza jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Alikuwa akiandika kumbukumbu za yale aliyosimuliwa. Victor alipogundua, aliomba kuzitazama, kisha akazisahihisha na kuziongeza kwa mkono wake, hususan pale palipokuwa na mazungumzo baina yake na adui yake, ili kuyatia uhai. Litazame jambo hilo vizuri. Yale maneno makubwa ya Kiumbe katikati ya riwaya, anapodai kwamba aliumbwa mwema na dhiki ndiyo iliyomgeuza shetani, anapomtaka muumba wake haki yake, yametufikia kwa mkono wa mtu anayemchukia kuliko mtu yeyote duniani, tena mtu aliyekiri kuyatengeneza. Mtuhumiwa amesemewa na mshitaki.

Lakini hata hivyo maneno yale yanatushinda. Tunamwamini Kiumbe. Ikiwa Victor aliyaongeza makali, yalimgeukia mwenyewe. Na ikiwa hakuyaongeza, basi makali yalikuwapo tangu mwanzo. Mary Shelley hakutuambia ni lipi. Alichotupa ni kipande cha ushahidi: barua za Safie, binti wa Mturuki, ambazo Kiumbe alizinakili na kumkabidhi Victor, naye Victor akamwonyesha Walton. Walton anakiri kwamba barua zile, pamoja na kumwona Kiumbe kwa mbali akiwa merikebuni, zilimtia yakini kuliko viapo vyote vya Victor. Sisi wasomaji hatuonyeshwi hata sentensi moja ya barua hizo. Tunaambiwa tu kuwa zipo. Na yule ambaye yote haya yameandikwa kwake, Margaret Saville, hajibu kitu tangu mwanzo hata mwisho. Wahakiki wameona zamani kwamba herufi za jina lake, akihesabiwa ukoo wake wa Walton, ni zile zile za Mary Wollstonecraft Shelley.

Ni mara moja tu Kiumbe anasikika bila ya kupitia kinywa cha Victor. Ni katika kurasa za mwisho, Victor akiwa maiti, Kiumbe amesimama juu yake, na Walton anaandika anayoyasikia kwa masikio yake. Kurasa chache! Mpangilio wote wa riwaya, fremu zote zile, umejengwa ili tufike hapo tukiwa na swali kooni: je, angesema nini lau angelipata msikilizaji mapema? Kuuita ustadi huo mchezo wa usimulizi ni kumfukuza Kiumbe mara ya pili.

Mskochi James Hogg, naye, alilijua jambo hili katika ngozi yake. Alikuwa mchungaji wa kondoo wa Ettrick aliyejisomesha mwenyewe hata akawa mshairi wa kutajika. Mabwana wa Edinburgh waliomkaribisha katika jarida lao, Blackwood's, wakaanza mwaka 1822 kuchapa mfululizo wa mazungumzo ya baani ambamo «Mchungaji» anakunywa, anapiga domo kwa lahaja ya shamba na kuchekesha watu. Kila msomaji alijua Mchungaji huyo ni nani. Maneno mengi aliyotiliwa kinywani hakuwa ameyasema kamwe. Basi mwaka 1824 Hogg alitoa riwaya ya Private Memoirs and Confessions of a Justified Sinner, bila ya jina lake. Kwanza anasema mhariri msomi, anayekusanya kumbukumbu na mapokeo kuhusu kijana aliyeua. Kisha yanafuata maandishi ya muuaji mwenyewe, Robert Wringhim, aliyelelewa akiamini kuwa Mungu amekwisha kumchagua kwa pepo wala hakuna dhambi itakayolifuta jina lake, na ambaye rafiki yake mpya, Gil-Martin, ana uwezo wa kuvaa sura ya mtu yeyote. Taarifa mbili hizo hazikubaliani, na hakuna wa kuamua.

Mwishoni mhariri anakwenda kulifukua kaburi. Anataja barua ya James Hogg iliyochapwa Blackwood's mwezi Agosti 1823, nayo ni barua iliyochapwa kweli. Mabwana wanamtafuta Hogg mnadani awaongoze. Hogg anakataa, ana kondoo zake za kuangalia, wala haoni faida ya kufukua mifupa. Basi. Mtunzi ameingia katika riwaya yake, akasema maneno machache, akageuka na kwenda zake. Najua riwaya nyingi za karne iliyopita ambamo mwandishi hujitokeza ndani ya kitabu ili atuonyeshe jinsi alivyo mjanja. Sijui hata moja ambamo hujitokeza ili akatae kutumiwa, ila hii.

Dracula ya Bram Stoker (1897) ndiyo iliyo karibu zaidi na zama zetu za mashine. Huyo Bwana Dracula wazee wetu wa pwani pengine wangemwita mumiani, ingawa mumiani wa kwetu hutajwa kuwa mtu wa kutafuta dawa na fedha, si mfu asiyekufa. Riwaya haina msimulizi mmoja. Ni faili: shajara ya Jonathan Harker iliyoandikwa kwa hatimkato, shajara ya Dakta Seward iliyosemwa ndani ya fonografu na kuhifadhiwa katika silinda za nta, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti, daftari la safari la merikebu ya Kirusi. Daftari hilo peke yake lina isnadi ya kuchekesha: nahodha aliyekufa ameliandika kwa Kirusi, karani wa ubalozi mdogo amelifasiri papo kwa papo, mwandishi wa gazeti ameliandika kwa haraka akisomewa, na gazeti limekatwa na kubandikwa shajarani. Anayelikusanya faili zima na kulipiga taipu, kwa nakala tatu tatu za karatasi ya kaboni, ni mwanamke, Mina Harker.

Usiku mmoja Dracula anaingia katika chumba cha kazi na kuyatia moto maandishi yote. Silinda za nta nazo zinatupwa humo humo, na nta inazidisha moto. Inabaki nakala moja ya taipu katika kasha la chuma. Ndiyo maana Jonathan, miaka saba baadaye, anakiri kwamba katika rundo lile la karatasi karibu hamna hati hata moja iliyo ya asili. Ni taipu tupu, ila vijitabu vichache vya mwisho, na hakuna mtu awezaye kutakiwa aamini. Jean Baudrillard alipoandika mwaka 1981 juu ya nakala zisizo na asili, wanafunzi wake waliona ni tanzia, au wakaona ni sherehe, ya dunia ya televisheni. Stoker alikuwa amekwisha kulisimulia jambo hilo, lakini kwa tofauti moja ambayo kwangu ndiyo ya kuzingatiwa: kwake asili haikukosekana tangu azali. Ilikuwapo, ikachomwa, na aliyeichoma anajulikana. Mtu huyo huyo ndiye aliyemlazimisha Jonathan, alipokuwa mfungwa ngomeni, aandike barua tatu zenye tarehe za mbele, ili watu wa kwao wadhani yu salama njiani. Adui katika riwaya hii ananyonya damu, lakini pia anaghushi hati.

Hata hivyo sina budi kusema kuwa kundi la akina Harker nalo halina mikono misafi. Dracula hakuachiwa ukurasa hata mmoja wa kwake. Maneno yake yote yamo katika shajara za wanaomwinda. Na Mina, mhariri wa kitabu kizima, anatengwa na wanaume katika mashauri yao kwa hoja ya kumhifadhi, na kutengwa huko ndiko kunakompa Dracula nafasi ya kumfikia. Baada ya hapo wanamficha mambo tena, kwa kuwa sasa damu yake ina doa. Hakuna riwaya nyingine ya zama hizo niijuayo ambayo mpokezi wake mkuu amejeruhiwa hivi na hadithi anayoipokea.

Zikaja sinema. Filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931, iliyoongozwa na James Whale, ilimnyang'anya Kiumbe ulimi. Boris Karloff ananguruma na kunyoosha mikono, na uso wake ni mkubwa wa huzuni, lakini hasemi neno. Katika orodha ya wachezaji mwanzoni, mbele ya Kiumbe pamewekwa alama ya kuuliza badala ya jina. Mtunzi wa riwaya ametajwa kuwa ni Bibi Percy B. Shelley. Kwa hiyo katika dakika moja, kabla hadithi haijaanza, mwanamke amepewa jina la mumewe na Kiumbe amepewa alama ya kuuliza. Whale hakuwa mjinga. Katika filamu ya pili, Bride of Frankenstein (1935), alimrudisha Mary Shelley mwenyewe, anasimulia mbele ya moto usiku wa mvua, kisha mwigizaji yule yule, Elsa Lanchester, akacheza kama bibi harusi wa Kiumbe. Mtunzi na kiumbe katika mwili mmoja: hapo naiona sinema ikifikiri. Kiumbe naye alifundishwa maneno machache. Lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya bubu.

Alasdair Gray, mchoraji na mwandishi wa Glasgow, alilijibu deni hilo katika Poor Things (1992), riwaya ambayo kila mtu anakubali kuwa ni ya usasabaadaye. Gray anajifanya mhariri wa kitabu kilichookotwa miongoni mwa makaratasi yaliyotupwa. Kitabu kinadai kuwa daktari Godwin Baxter alimfufua mwanamke mjamzito aliyejitosa mtoni, akamtia ubongo wa mtoto wake, na mwanamke huyo akaja kuolewa na msimulizi, Archibald McCandless. Kinachofuata ni barua ya mwanamke mwenyewe. Anasema yote ni uzushi wa mume mwenye wivu, aliyeokoteza vitu katika vitabu vya kutisha. Yeye hakuundwa na mtu, alizaliwa, akasoma, akawa daktari. Halafu anarudi Gray na maelezo yake, na, kwa kejeli ya kukata, anamwamini mume! Msomaji ameachwa na hati mbili na hakimu mwenye upendeleo. Gray aliisoma Frankenstein sawasawa, akaelewa kwamba siri ya fremu ni nani anapewa neno la mwisho na nani anamkata kalima.

Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilitoka mwaka 2023, kazi ya Yorgos Lanthimos, ikapata Oscar nne, mojawapo kwa Emma Stone. Ni filamu nzuri ya macho. Imesifiwa kwa ujasiri. Lakini barua ya mwanamke haimo. Mhariri hayumo, kitabu kilichookotwa hakimo. Tunachokitazama ni uzushi wa mume peke yake, umewekwa mbele yetu kuwa ndiyo yaliyotokea. Wapo watakaosema kuwa sinema haiwezi kubeba fremu. Nami nitawaelekeza tena kwa Whale na mwaka 1935. Iliweza. Haikutaka.

Mwandani wa kweli wa Walpole katika sinema ni The Blair Witch Project ya mwaka 1999, ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez. Wanafunzi watatu waliingia katika msitu wa Maryland kutafuta habari za mchawi wa kale, wakapotea, na mwaka mmoja baadaye zikaokotwa kanda zao. Hivyo ndivyo filamu inavyojitambulisha. Ni dibaji ya Otranto, ila mswada umekuwa kanda. Palikuwa na tovuti yenye taarifa za polisi na picha za kale za kubuni, na matangazo ya watu waliopotea yalibandikwa. Filamu iliyotengenezwa kwa fedha kidogo ilivuna karibu dola milioni 250 duniani. Kama utisho mimi naihesabu miongoni mwa kazi bora za aina yake, hasa kwa kuwa mchawi haonekani abadani. Kinachoonekana ni watu watatu, wenye njaa na baridi, wanaoacha kuaminiana.

Lakini Walpole aliwabuni wapokezi wake wa uongo. Myrick na Sánchez waliwatumia wazima. Heather Donahue, Joshua Leonard na Michael C. Williams walicheza kwa majina yao wenyewe. Ndio walioshika kamera kwa muda wa siku nane, ndio waliobuni sehemu kubwa ya maneno wakiwa msituni. Filamu ilipokaribia kutoka, kumbukumbu za sinema ziliwataja kuwa wamepotea na yadhaniwa wamekufa. Mama yake Heather alipokea kadi za rambirambi. Ili isnadi isimame, ilibidi wapokezi wawe maiti, na maiti hahojiwi, haonekani magazetini, hadai. Baadaye Heather alilibadili jina lake, akaitwa Rei Hance; jina la kuzaliwa lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine, yule wa msituni.

Mwezi Aprili 2024, miaka 25 baada ya filamu kutoka, watatu hao waliiandikia hadharani kampuni ya Lionsgate, inayoimiliki filamu hiyo sasa, wakidai malipo ambayo wangelipata lau wangelikuwa na chama au wakili wa kuwasimamia siku zile, na wakitaka washauriwe kila pale majina yao, sura zao au sauti zao zitakapotumiwa katika filamu mpya. Nimeisoma barua yao zaidi ya mara moja. Imeandikwa na watu watatu ambao hadithi ilihitaji wawe wafu, na ni barua ya kawaida kabisa, ya watu wazima wenye kodi za kulipa. Onuphrio Muralto, kasisi wa Otranto, hakupata kumwandikia Walpole barua ya namna hiyo.